Kugonga ukuta: jibu kwa mganga mfawidhi aliyeambiwa awe na moyo wa chuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni tabibu, na tangu mwaka jana nakaimu nafasi ya mganga mfawidhi katika kituo cha afya kijijini. Tulikuwa watumishi 18, tumebaki 10. Miezi minne iliyopita muuguzi wa zamu ya usiku alimchoma mtoto mchanga sindano ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kutoka kichupa cha miligramu 80 akidhani ni cha miligramu 20 (vyote tunaviweka boksi moja), kisha akanyamaza. Tuligundua siku ya pili tulipohesabu vichupa. Mtoto tulimpa rufaa na yuko salama. Muuguzi nilimwandikia barua ya onyo. Tangu hapo hakuna anayeniambia kitu. Nikiingia chumba cha wauguzi, mazungumzo yanakatika. Silali, nachukua zamu za wengine, na ninayemweleza ni mume wangu tu. Mwezi uliopita tulipelekwa semina ya uongozi, tukaonyeshwa picha ya James Stockdale, rubani wa kijeshi wa Marekani aliyefungwa Vietnam miaka saba na nusu. Tukaambiwa tuwe na moyo wa chuma kama wake. Nilirudi nyumbani nikalia, maana moyo huo mimi sina. Je, ni kweli mtu huyu alikuwa hivyo? Na kuna chochote kwake ambacho mtu wa kawaida kama mimi anaweza kukitumia? Na je, niwaambie watumishi kwamba hali itatengemaa bajeti mpya ikija Juni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na ahsante kwa kuuliza waziwazi. Wengi wenye cheo kama chako huuliza kwa kuzunguka mbuyu.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hapana. Stockdale hakuwa na moyo wa chuma. Alivunjwa, tena si mara moja, na hakulificha jambo hilo mpaka anazeeka. Mwendesha semina alikupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Nimefundisha marubani kwa miaka mingi, na siku hizi nafundisha wasimamizi wa hospitali. Habari hii nimeisimulia mara nyingi katika makundi yote mawili, na kila mara nimeona watu wanapumua wanapofika mahali pa kuvunjika. Kwa hiyo niache niisimulie taratibu.

Alitunguliwa tarehe 9 Septemba 1965, akiwa na miaka 41. Hakuwa kijana wa kutafuta sifa. Alikuwa mkuu wa kundi zima la ndege lililoruka kutoka manowari ya Oriskany, amekwisha kuwa rubani wa majaribio, ana shahada ya pili kutoka Stanford, ana mke na watoto wanne wa kiume. Ndege yake, A-4 ya kiti kimoja, ilipigwa na mizinga ya ardhini huko Vietnam Kaskazini. Usukani ukafa mkononi, akajifyatua. Katika muda ule mfupi wa kuning'inia kwenye parashuti alijipigia hesabu kwamba atakaa huku chini miaka mitano kwa uchache, na kwamba anaiacha dunia ya mitambo na kuingia dunia ya Epictetus.

Epictetus alikuwa mwanafalsafa wa zama za dola la Roma, mzaliwa wa utumwani na kiwete. Mwalimu mmoja pale Stanford alimpa Stockdale kijitabu cha mafundisho yake, akakishika kuliko masomo yote aliyokwenda kusoma. Fundisho lenyewe ni la kutenganisha mafungu mawili: yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako. Mwili wako, mali yako, cheo chako na watu wanavyokusema si vyako kuviamulia. Nia yako na uamuzi wako ni vyako. Ukisikia hivi juu juu unaweza kudhani ni maneno ya kujifariji. Subiri uone yalivyofanya kazi.

Alipofika chini, wanakijiji walimpiga sana. Mguu ulivunjika gotini na haukurudi sawa maisha yake yote. Nasema hili bila kuwalaumu wale wanakijiji; ndege zile zilikuwa zinawamwagia mabomu. Simleti Stockdale kwako kama hakimu wa ile vita. Yeye mwenyewe alijua jambo moja zito kuihusu. Usiku wa 4 Agosti 1964 alikuwa angani juu ya Ghuba ya Tonkin wakati meli za Marekani ziliporipoti kwamba zinashambuliwa na boti za Vietnam Kaskazini. Alizunguka chini kabisa juu ya maji, akitafuta, na hakuona boti hata moja. Alirudi akasema hivyo. Siku iliyofuata akaamriwa aongoze shambulio la kulipiza kisasi kwenye matangi ya mafuta ya Vinh, akaliongoza. Mwaka mmoja baadaye alikuwa mfungwa Hanoi, amebeba kichwani siri ambayo watesi wake wangeilipia chochote, na alilala na hofu kwamba siku moja wataitoa kwa nguvu. Nakutajia hili kwa sababu mtu mwenye moyo wa chuma haogopi, na huyu aliogopa kila siku.

Gereza lilikuwa Hoa Lo, lililojengwa na Wafaransa katikati ya jiji. Watesi walitumia kamba. Walikufunga mikono nyuma juu ya viwiko, wakaivuta mpaka mabega yanakaribia kung'oka, huku wakikukandamiza kichwa kuelekea miguuni hadi pumzi inakata. Hapakuwa na mtu aliyeshinda kamba. Kila mmoja alifika mahali akasema "natii", akaandika walichotaka aandike au akasoma walichotaka asome. Stockdale alifika hapo. Wanaume waliofuzu mafunzo makali ya jeshi lao walifika hapo.

Hapa sasa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo somo lilipo.

Wanajeshi hawa walikuja na sheria kutoka nyumbani. Mwaka 1955, baada ya vita vya Korea, Rais Eisenhower alitia saini kanuni za mwenendo wa askari aliyetekwa. Mojawapo ilisema kwamba mateka akihojiwa analazimika kutoa jina, cheo, namba ya jeshi na tarehe ya kuzaliwa tu. Ni sheria nzuri ukiwa darasani. Ndani ya kamba haikumsaidia mtu, kwa sababu haikusema ufanye nini baada ya kushindwa. Mtu aliyetoa neno la tano alijiona msaliti. Alirudishwa kwenye chumba cha peke yake, mikono imekufa ganzi, akageukia ukuta, na hakutaka hata kumjibu jirani. Stockdale aliandika baadaye kwamba kinachomvunja mtu si maumivu, ni aibu. Watesi walilijua hilo vizuri. Kazi yao haikuishia kwenye maungamo ya karatasi. Walitaka mtu ajifungie mwenyewe kwenye aibu yake, maana mtu wa namna hiyo hahitaji mlinzi.

Muuguzi wako, usiku ule alipotambua amechukua kichupa kisicho chake, aligeukia ukuta. Na wewe uliporudi kutoka semina ukalia, uligeukia ukuta.

Kilichowatoa pale kilikuwa kitu kidogo sana. Rubani mmoja wa jeshi la anga, Carlyle Harris, alikumbuka jambo aliloonyeshwa na mkufunzi wakati wa mapumziko ya chai kwenye mafunzo ya kujiokoa. Unachora mraba wa herufi, mistari mitano, kila mstari herufi tano. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, kwa hiyo K inaachwa na C inafanya kazi yake. Kila herufi unaigonga mara mbili: kwanza mstari, kisha nafasi yake ndani ya mstari. G iko mstari wa pili, nafasi ya pili: ko-ko, kimya kidogo, ko-ko. B iko mstari wa kwanza, nafasi ya pili: ko, kimya, ko-ko. U ni mstari wa nne, nafasi ya tano. Hizo tatu, GBU, ndizo walizoagania kila usiku, ufupisho wa "Mungu akubariki" kwa lugha yao. Jaribu kuzigonga mezani sasa hivi uone zinavyochukua muda. Walizungumza hivyo kwa miaka, kupitia kuta nene, na ukuta ulipokuwa hatari walitumia kikohozi, au mfungwa aliyepangiwa kufagia ua alifagia kwa mapigo yaleyale. Katika mojawapo ya kumbukumbu za siku aliyotunguliwa, Stockdale akiwa amefungiwa, wenzake walifagia ua wakimwandikia kwa ufagio kwamba wanampenda.

Kwa njia hiyo ya kugonga, mtu aliyevunjwa alipata kumwambia mwenzake: nimeandika karatasi yao. Na mwenzake akamjibu: na mimi niliandika. Basi. Hapo ndipo watu walipoanza kusimama tena. Hakuna hotuba iliyotolewa. Mtu alikiri, akakuta hayuko peke yake.

Stockdale, kama ofisa wa jeshi la wanamaji mwenye cheo kikubwa kuliko wenzake wa jeshi hilo mle gerezani, alianza kuulizwa na vijana kupitia kuta. Hawakumwomba awatie moyo. Walimwambia, kwa maana yake: tuko tayari kuteswa, lakini tuambie tuteswe kwa ajili ya nini, wewe ndiye mkubwa, weka mstari. Kama ningeruhusiwa kubandika sentensi moja kwenye ofisi ya kila mkuu wa kituo, ningebandika hiyo. Watu wanaofanya kazi ngumu hawahitaji kuambiwa wawe wagumu, kwa sababu ugumu wanao tayari. Wanachotaka kujua ni lipi la kufia na lipi la kuachilia, ili wasife kwa kila kitu.

Akaweka mistari michache, akaifupisha kwa maneno mawili ya Kiingereza yanayogongeka haraka ukutani, BACK US, kila herufi ya neno la kwanza ikisimamia mstari mmoja. Usiiname hadharani mbele ya wageni na kamera. Usizungumze redioni. Usikiri uhalifu. Usiwabusu wakati wa kuaga, yaani ukiachiwa usijionyeshe mwenye shukrani. Na zile herufi mbili za mwisho, ambazo mtu angezidhania ni jina la nchi yao, yeye alizipa maana ya umoja kabla ya nafsi. Kwa mambo hayo, vumilia mateso kabla hujayafanya. Ukizidiwa, toa kidogo kuliko vyote, rudi chumbani, gonga ukuta uwaambie wenzako ulichotoa, pumzika, na kesho wakikuita waanze upya kabisa kukupata.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Ndani yake mna kushindwa, na kushindwa huko kumepangiwa njia. Ile sheria ya 1955 ilimtaka mtu asishindwe. Mistari ya Stockdale ilijua atashindwa, ikamwonyesha pa kurudia. Baadaye hata serikali yao ilikubali: mwaka 1977 sheria ile ilirekebishwa, na katika marekebisho yake neno dogo "tu" likaondolewa.

Kuna tukio lingine la mwaka 1969 ambalo waendesha semina hulipenda. Stockdale alipojua atapelekwa mbele ya kamera, alijikata kichwani kwa wembe, na walipoleta kofia ya kuficha majeraha, akajipiga usoni kwa kigoda mpaka macho yakavimba. Ni kweli ilitokea, na ndilo fundisho la Epictetus kwa vitendo: sura yangu mmeichukua, uamuzi wa kuitumia hamuupati. Lakini mimi sipendi kulifundisha kama mfano wa uongozi. Ni la mtu aliyebanwa mpaka kona ya mwisho, na ukilipa nafasi ya mbele, watu wanaondoka wakidhani uvumilivu ni kujiumiza. Huo si uvumilivu, na kwako wewe naomba usichukue hata chembe yake. Ulichoandika kuhusu kutolala na kuchukua zamu za wengine nimekiona.

Wale waliohesabiwa kuwa wakorofi zaidi, 11 kwa jumla, Stockdale akiwemo, walihamishiwa Oktoba 1967 kwenye vyumba vya peke yake visivyofika mita moja kwa upana, taa ikiwaka usiku na mchana, pingu za miguu kila usiku. Kumi walirudi nyumbani. Mmoja, Ron Storz wa jeshi la anga, afya yake ilidhoofika, na wenzake walipotolewa pale Desemba 1969, yeye aliachwa nyuma. Alifia kifungoni mwaka uliofuata. Sitaki kumfanya marehemu kuwa mfano wa hoja yangu, maana mateso yalikuwa yamemharibu mwili kwa miaka. Nasema tu kwamba kila nikifika hapo katika simulizi nafikiria muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake.

Sasa nitoke gerezani nije kwenye kazi yangu mwenyewe, ndipo nitafika kwako.

Nilipokuwa najifunza kuruka, mwalimu wangu alikuwa rubani mstaafu wa jeshi. Baada ya kila safari tulikaa kwenye meza ya mbao nyuma ya karakana, anavua kofia anaiweka katikati ya meza. Kofia ikiwa pale, hakuna cheo. Siku moja nilikuwa nimeondoka bila kupima mafuta kwa kijiti. Niliangalia geji tu, na geji za ndege ndogo zinadanganya. Yeye hakujua. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Akavua kofia, akaanza yeye: "Leo nimekosea mara mbili. Nilichelewa kukwambia upepo umegeuka. Na ulipoingia kwa kasi nilinyamaza kwa sababu nilitaka nione utafanya nini, nikasahau kwamba tuna roho mbili humu ndani. Haya, wewe?" Nikajikuta nimesema habari ya mafuta. Hakunifokea. Aliuliza kwa nini, nikamwambia nilichelewa kufika na nilikuwa namwogopa. Kesho yake asubuhi kijiti cha kupimia kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwenye funguo za ndege. Usingeweza kushika funguo bila kukishika. Wala hakunieleza kwa nini.

Katika urubani wa kiraia jambo hilohilo lililipiwa kwa damu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, iligonga mlima katika jimbo la Virginia, Marekani, ikielekea kutua uwanja wa Dulles, watu wote 92 wakafa. Marubani walielewa vibaya maneno ya ruhusa ya kukaribia uwanja, wakashuka mapema. Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki chache kabla, marubani wa shirika lingine walikuwa wameingia kwenye mtego uleule, mahali palepale, wakanusurika. Waliripoti kwa shirika lao, nalo likawaonya marubani wake. Habari haikuvuka ukuta kwenda mashirika mengine. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa kuripoti makosa ya angani kwa siri, na wakaukabidhi kwa NASA, shirika lao la anga za juu, badala ya mamlaka inayotoa adhabu, kwa makusudi kabisa. Rubani aliyekosea bila kukusudia, akaripoti ndani ya siku 10, anasamehewa adhabu. Ajali yenyewe na uhalifu havimo kwenye msamaha huo. Mpaka leo mfumo huo unafanya kazi, na ripoti zake zimebadilisha maneno, ramani na vifaa ambavyo hakuna mkaguzi angeviona akiwa ofisini.

Haya, turudi kijijini kwako.

Barua yako ya onyo ilibeba sheria gani? Ilisema: usikosee. Nani awezaye kuitii sheria hiyo saa tisa usiku, akiwa peke yake, na vichupa viwili vya jentamaisini vyenye ujazo uleule wa mililita mbili vimelala kwenye boksi moja? Ungemwonya kwa sababu alinyamaza, ningekuelewa. Lakini watumishi wenzake hawakusoma hivyo. Walichojifunza ni kwamba kosa likijulikana huleta barua, kwa hiyo kosa lisijulikane. Ukimya unaokutana nao chumba cha wauguzi si chuki. Ni watu waliogeukia ukuta.

Anza na vichupa. Nina imani hujavitenganisha bado, kwa sababu barua huwa inatufanya tujione tumemaliza kazi. Vya miligramu 80 viwekwe kabati tofauti kabisa na wodi ya watoto wachanga, ikiwezekana leo kabla ya zamu ya usiku kuingia. Hicho ndicho kijiti chako kwenye funguo.

Halafu kaa na watu wako 10, mchague mambo machache, matatu yanatosha, ambayo kituo hiki hakitaachilia hata kikiwa na watumishi wanne. Wayataje wao. Mimi ningetegemea kusikia kitu kama: mtoto asiyelia, ita mtu papo hapo huku ukianza kumhudumia; dawa ya mtoto mchanga isomwe kwa sauti na watu wawili, na kama uko peke yako, isomwe kwa simu; kosa lisemwe kabla zamu haijaisha. Mengine yote, ripoti za kila wiki, mapazia, daftari ambalo halijapigwa mistari, wape ruhusa ya wazi ya kuchelewesha mkizidiwa. Hii ruhusa ni ngumu kwa kiongozi kuitoa, maana ukaguzi ukija utaulizwa wewe. Ndiyo kazi ya cheo, kusimama hapo badala yao.

Kuhusu njia ya kurudi, kuwa mwangalifu usiahidi usichonacho. Vifo vya wajawazito na vya watoto wachanga vina utaratibu wake wa kuripotiwa na kujadiliwa, na wewe huna mamlaka ya kuuzima. Wizi, ulevi kazini, na kughushi kumbukumbu havisamehewi. Ila kosa la kawaida la binadamu, lililosemwa ndani ya zamu ileile, unaweza kusema mbele ya wote kwamba halitaleta barua kutoka kwako. Mjulishe mganga mkuu wa wilaya kabla hujatangaza, ili asije akakuvunjia neno bila kujua. Na neno hilo litajaribiwa. Mtu ataleta kosa dogo kwanza, aone utafanya nini na uso wako.

Simu ya usiku usiidharau. Saa saba hivi, kila usiku, mtu mmoja ampigie aliye zamu, dakika mbili, hata kama hakuna la kusema. Mpangiane zamu za kupiga, usiibebe peke yako. Wenzetu wa Hoa Lo waligonga hata walipokuwa hawana habari yoyote, na watu waliotoka mle husimulia kugonga huko kwanza, kabla ya kamba.

Umeuliza pia, kwenye mstari wa mwisho wa barua yako, kama useme kwamba hali itatengemaa bajeti mpya ikija. Stockdale aliulizwa nani hawakutoka, akajibu ni wale wenye matumaini ya tarehe: tutatoka Krismasi, Krismasi ikapita, tutatoka Pasaka, ikapita. Yeye hakuwahi kutilia shaka kwamba atatoka, ila hakujiwekea siku. Alitoka tarehe 12 Februari 1973, kundi la kwanza kati ya mateka 591 walioachiwa miezi ile. Kwa hiyo usiwape tarehe ya watumishi wapya. Waambie tupo 10, na huenda tukabaki 10 kwa muda mrefu, na hivi ndivyo tutakavyoishi tukiwa 10. Watakuamini zaidi kuliko ukiwapa Juni.

Na wewe mwenyewe unahitaji ukuta wa kugonga. Si mumeo tu, wala si mimi niliye mbali. Mtafute mfawidhi wa kituo cha jirani, ambaye hana la kupata wala kupoteza kwako. Mkubaliane siku moja ya juma mpigiane na kila mmoja aseme alichokosea juma hilo. Mara ya kwanza mtajisikia vibaya. Endeleeni.

Limebaki lile la muuguzi. Usimwite ofisini. Ofisi ndiko barua ilikotoka. Nenda akiwa zamu ya usiku, chukua chupa ya chai, kaa naye kwenye benchi la wodi ya wazazi wagonjwa wakishatulia. Mwambie ulichokosea wewe: kwamba vichupa vile uliviona kwenye boksi moja siku nyingi kabla yake na hukuvitenganisha, kama ndivyo ilivyokuwa, kwamba ulimwandikia barua kabla hujamuuliza usiku ule ulikuwaje. Usimwombe akiri kitu. Mwulize tu usiku ule ulikuwaje, kisha nyamaza, hata ukimya ukiwa mrefu kiasi gani. Kama barua inaweza kuondolewa kwenye jalada lake kwa utaratibu, iondoe, na mwambie baada ya kuiondoa, si kabla.

Kisha niandikie uniambie alisema nini.